Boya Lililonyamaza

4 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, wewe, wifi na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake limetulia na sasa analalamikia godoro, kwa hiyo ujue amepona. Shemeji yako yuko zamu za jioni kiwandani, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Mimi bado napika pale hosteli ya wauguzi. Wameongeza wanafunzi, na kila asubuhi wote wanataka mayai ya kuchemsha. Siku hizi hata usingizini naota mayai.

Sasa nikwambie, nimekasirika, na naandika kabla hasira haijapoa maana ikipoa nitakusamehe bure. Nilikupigia simu pale kwa muuza vipuri. Najua ulikuja kwenye simu, nilikusikia ukikohoa. Nikaanza kukueleza habari ya pikipiki ya Baba. Hata nusu sijafika, ukasema, "Haya, haya, wasalimie wote," ukakata. Nilibaki nimeshika mkono wa simu, watu wa foleni wananitazama. Ni lini mimi na wewe tumeanza kukatiana simu?

Nilichotaka kusema ni hiki. Tumeitoa pikipiki ya Baba stoo. Tangu tumzike ilikuwa mle ndani chini ya magunia, na mimi nahitaji usafiri, zamu yangu jikoni inaanza kabla basi la kwanza halijapita. Shemeji yako ameifuta vumbi, akabadilisha plagi na tairi, na imewaka. Nililia, sikufichi. Ule mlio ni Baba kabisa anaingia uani. Tatizo ni kwamba inatapika mafuta. Ukifungua koki ya tangi tu, petroli inatiririka kutoka kwenye kabureta mpaka chini. Shemeji yako ameniambia nisithubutu kuipanda hivyo, nitageuka mshumaa.

Huku hakuna fundi anayeijua pikipiki ya zamani hivi. Nina kaka ambaye watu wanatoka mbali kumletea injini azisikilize, mpaka wamemwandikia ukutani "Fundi Sikio". Halafu ananikatia simu. Basi nisikilize hata kwa maandishi.

Mdogo wako mwenye hasira,
Chiriku


27 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba, na punguza hasira. Sisi wazima. Wifi yako anashona sare za shule mpaka sebule nzima ni vitambaa, na kula tunakula tumesimama. Watoto wanamsalimu shangazi yao. Mwambie Mama nimefurahi kusikia kwamba analalamika.

Kuhusu simu, unisamehe. Muuza vipuri amekuwa mkali siku hizi, anasema watu tunaichezea simu yake, wateja wanashindwa kupiga. Usinipigie tena pale. Niandikie. Barua ni nzuri, mtu anaisoma kwa nafasi yake.

Sasa pikipiki. Ndani ya kabureta, chini, kuna kibakuli cha mafuta. Mle ndani kuna floti, yaani boya dogo la shaba, vikopo viwili vilivyoungana kama mapacha, vitupu ndani. Mafuta yakiingia, boya linaelea na kupanda, linasukuma sindano, na ile sindano inaziba tundu la mafuta. Ndiyo kazi yake yote. Boya likitoboka linakunywa petroli, linakuwa zito, halipandi tena. Sindano inabaki wazi na mafuta hayajui pa kuishia.

Funga koki. Fungua zile skrubu za chini kwa bisibisi inayotosha, usizile vichwa zikakosa pa kushika. Toa boya, lifute, litikise karibu na sikio. Kama limetoboka utasikia mafuta yanacheza ndani. Huo ni mlio mdogo sana, lakini ukishausikia mara moja husahau. Mimi alinifundisha Baba, kabla sijajua hata kushika spana. Alikuwa ananiwekea sikioni na kusema, "Huyu mlevi au huyu mzima?"

Lingine ni dogo tu. Karakana naifunga mwisho wa Juni. Nimeshamwambia mwenye nyumba atafute mpangaji. Nimechoka, nataka kukaa. Spana za Baba nitakutumia wewe, kwa kuwa pikipiki yake unayo.

Kaka yako


12 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Huku ni wazima, ila shemeji yako ana mafua, na mwanamume akipata mafua nyumba nzima inalazwa. Mama amepata godoro jipya. Sasa anasema la zamani lilikuwa bora.

Skrubu nimezifungua bila kuzila vichwa, nisifie. Boya nimelitoa, nikalitikisa sikioni. Kimya. Nikampa Mama, akalitikisa, akasema kimya. Shemeji yako naye akalitikisa, lakini yeye na pua ile hata ngoma asingeisikia. Tumelirudisha na mafuta yanamwagika vilevile. Basi kama boya ni zima, mgonjwa ni nani?

Halafu hilo ulilosema ni dogo. Kaka, wewe kuchoka? Wewe uliyefungua injini siku ya harusi yako ukiwa na suti, kwa sababu gari la maharusi lilikuwa linakohoa? Sijaamini. Kama umegombana na mtu, sema. Kama unaumwa, sema. Usinipe spana za Baba kama mtu anayegawa vitu vya marehemu.

Na nilimpigia muuza vipuri, usikasirike, nilimuuliza habari ya sindano ya kabureta. Ni mpole kama maziwa. Akasema simu yake iko wazi siku zote na amewahi kukuita mara nyingi, ila wewe ukiambiwa "simu yako" unajidai una kazi chini ya pikipiki. Sasa nani mkali hapo?

Nasubiri jibu. Jibu lenyewe, si hadithi ya wifi na vitambaa.

Chiriku


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi. Watoto wamefunga shule. Wifi yako hajambo. Mvua imetoboa bati la jikoni na nimeliziba.

Kama boya halilii, badilisha sindano. Ncha ya sindano ikilika haizibi sawasawa. Nimeitia moja humu kwenye bahasha, nimeizungushia kitambaa. Angalia usiipoteze, za namna hiyo hazipatikani tena. Baada ya hapo sina ushauri mwingine.

Habari ya karakana naomba tusiizungumze. Nilikuwa fundi mzuri na nataka kuacha nikiwa bado nasemwa hivyo. Kuna tarishi mmoja hapa, pikipiki yake ilikaa kipindi chote cha mvua za vuli bila kuwashwa. Akaniletea, inamwaga mafuta kama yako. Nimeitengeneza na imerudi, nimeitengeneza tena na imerudi tena. Mara ya mwisho ilimzimikia barabarani akiwa na mizigo ya watu, akaisukuma juani mpaka kwangu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Fundi, pengine upumzike." Pikipiki yake ipo hapa, nitamtafutia fundi mwingine.

Msusi mmoja anakitaka chumba cha karakana. Ameshaleta kioo chake.

Msalimie Mama. Usimwambie haya.

Kaka yako

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:)

Wifi, ni mimi. Barua huwa napeleka mimi posta, nimeifungua kwa mvuke, Mungu anisamehe. Kaka yako hasikii. Ilianza kidogo kidogo, sasa redio anaifungua mpaka majirani wanapata habari kabla yetu, na ukimwita kwa nyuma hageuki. Kwenye simu anasikia upepo tu. Nimemwambia twende hospitali, anasema masikio yake ndiyo kazi yake, hayawezi kumfanyia hivyo. Kila asubuhi anatikisa lile boya la tarishi, analiweka, analichukua tena. Hajamwambia mtu. Ukimwambia nimekwambia, mimi na wewe basi. Lakini mwandikie kitu, wifi. Mtu huyu bila karakana atakufa amekaa.


2 Mei

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu, sijamwambia lolote. Shemeji yako amepona. Asante kwa sindano, imefika salama na kitambaa chake. Nakijua hicho kitambaa, ni shati lako la bluu. Lilikuwa zuri, ulilichania nini?

Nimebadilisha sindano kama ulivyosema. Pikipiki ikatapika vilevile. Nilikaa chini uani na lile boya mkononi, nikataka kulitupa kwa jirani. Sasa nikwambie kilichotokea, na ukisoma usicheke mpaka mwisho.

Jikoni kwangu, yai lenye ufa mimi silitafuti kwa macho. Mayai ni mengi, nani ana muda? Ninayatia kwenye maji ya moto. Lile lenye ufa linajisema lenyewe, linatoa mapovu, mstari mwembamba unapanda kutoka pale penye ufa hata kama ufa wenyewe huuoni. Basi nikajiambia, boya nalo si yai la shaba? Nikachemsha maji, nikayatoa nje kabisa uani mbali na moto, najua ungepiga kelele, petroli si mchezo. Nikalizamisha boya kwa koleo.

Kaka, pale kwenye kiungo cha kikopo kimoja yalianza mapovu. Mwanzo madogo, halafu mengi, yakifuatana. Yakaja na utando wa mafuta juu ya maji, unang'aa rangi rangi. Nilipiga yowe, Mama akatoka na fimbo akidhani ni nyoka.

Sasa sikia hili, ndilo lililonifanya nitake kukuandikia usiku uleule. Nilipolikausha, lilikuwa jepesi kuliko mwanzo. Nikalitikisa sikioni. Safari hii likalia! Mafuta yaliyobaki yalikuwa yanacheza ndani, chwa chwa chwa, kama ulivyosema. Kumbe mwanzo halikulia kwa sababu kile kikopo kilikuwa kimejaa mpaka pomoni. Mafuta hayana pa kucheza. Baba aliacha koki wazi, boya limelala kwenye petroli miaka yote ile chini ya magunia, likanywa mpaka likashiba. Chupa iliyojaa maji ukiitikisa inasema nini? Haisemi kitu. Hakuna sikio duniani lingelisikia. Si la Mama, si langu, si la fundi yeyote yule.

Fundi redio wa mtaani kwetu alilimalizia. Tuliliacha kwenye maji moto mpaka likatema yote, tukalikausha siku nzima, akaziba tundu kwa tone la risasi anayounganishia nyaya. Nilimwambia kidogo, kidogo sana, risasi ikizidi boya linakuwa zito na tumerudi kulekule. Aliniuliza nimejuaje, nikasema kaka yangu ni fundi. Jana nimekwenda kazini na pikipiki ya Baba. Hakuna hata tone chini. Nilifika mapema mpaka mlinzi akaniuliza kama nimelala hapo.

Tarishi wako naye pikipiki yake ilikaa mvua nzima. Sikufundishi kazi, kaka. Ila chemsha maji, yatoe nje, lizamishe boya lake, uangalie. Uangalie tu. Macho yako nayajua, hata sisimizi akipita kwenye injini ulikuwa unamwona.

Mwambie msusi asipigilie misumari bado.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku


21 Juni

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba, marahaba tena. Sisi wazima, na leo wazima kweli. Watoto wanasalimu. Wifi yako anasalimu pia na anajidai hajui kwa nini nacheka ninapoandika.

Barua yako niliisoma nikaiweka mfukoni, nikazunguka nayo siku kadhaa. Nilikuwa naogopa yale maji. Nilikuwa nasema, kama nikilizamisha boya la tarishi na lisitoe kitu, basi jambo limekwisha, nimejua. Wiki ile msusi akaleta na viti. Nikaona sasa naogopa nini, nimebakiwa na nini cha kupoteza? Nikamwomba wifi yako sufuria. Akanipa ile nzuri ya wageni, nikashangaa.

Lilitoa mapovu, Chiriku. Mahali palepale, kwenye kiungo. Nilipiga magoti nikayaangalia mpaka maji yakapoa, nikachemsha mengine nikayaangalia tena. Kikopo kilijaa kama chako. Miaka yote nimeletewa maboya yaliyokunywa kidogo au nusu, yanalia, nayasikia, basi. Lililoshiba kabisa halikuwahi kunijia, na kama lilinijia sikujua. Nilizoea sikio mpaka nikasahau kwamba kitu nakishika kwa mkono, ningeweza hata kuupima uzito wake.

Sasa nakuandikia lile ambalo sijaliandika. Masikio yangu yamekwisha. La kushoto halina kitu kabisa, la kulia linasikia kama mtu yuko nyuma ya ukuta. Siku ile kwenye simu sikusikia hata neno moja, nilijua ni wewe kwa sababu muuza vipuri aliniambia. Niliona aibu, nikasema haya haya nikakimbia. Muuza vipuri hajawahi kuwa mkali, nilimsingizia. Nilipolitikisa boya la tarishi kukawa kimya, sikujua aliyenyamaza ni boya au ni mimi. Kila asubuhi nilijaribu tena. Hilo ndilo lililokuwa linanila, si uchovu. Mtu anayeitwa Sikio akikosa sikio, yeye ni nani?

Na wewe ulijua. Usibishe. Umeandika barua ndefu kuhusu kuangalia na hukuandika hata mara moja "je, unasikia?" Chiriku niliyemlea mimi angeuliza hilo mstari wa kwanza. Najua pia aliyekwambia, maana bahasha ya Aprili niliifunga kwa gundi ya karakana, na mezani niliikuta gundi ya unga wa ngano. Sijamwambia kitu. Nimemnunulia sufuria nyingine.

Masikio hayajarudi na daktari anasema hayatarudi. Wifi yako alinipeleka, nilienda kama mbuzi. Lakini pikipiki ya tarishi imetoka hapa na haijamwaga. Alirudi Jumatatu, si kulalamika, amemleta mwenzake. Siku hizi sufuria iko mlangoni, mteja anaangalia mapovu mwenyewe, hakuna ubishi. Nimefunga bomba la plastiki lisilo na rangi chini ya kibakuli cha kabureta, linaonyesha mafuta yamefika wapi bila kuuliza mtu. Injini naishika kwa kiganja, ikikosea najua. Muuza vipuri amenibadilisha jina, ananiita Fundi Mayai. Nimekataa, ila naona linashika.

Mwenye nyumba nilimwendea nikiwa nimejiandaa kuomba. Alifurahi kuliko mimi. Msusi alikuwa anamtaka apake rangi ukuta mzima. Viti vyake vimeondoka jana, kioo ameniachia. Nakitumia kuangalia upande wa nyuma wa injini.

Spana za Baba sikutumii. Utanisamehe, nazihitaji.

Nina ombi. Jumamosi ya kwanza ya Julai, ukitoka kazini, nipigie kwa muuza vipuri. Nitakuwa hapo nasubiri, sitajificha chini ya pikipiki. Sitakusikia, kwa hiyo usijisumbue kusema kitu. Lakini wewe utanisikia. Nataka kukushukuru kwa mdomo wangu, maana kwenye karatasi naona asante nyingine inabaki moyoni. Nikimaliza nitakata mwenyewe. Safari hii usikasirike.

Kaka yako


7 Julai

Kaka yangu,

Leo salamu zingoje, naanza na jambo lenyewe. Nimekusikia. Yote. Uliyosema kuhusu Baba, na kuhusu siku uliyonibeba mgongoni kwenda kliniki, jambo ambalo sikuwahi kulijua, na ile asante uliyoirudia mpaka sauti ikakatika. Mama alikuwa nami, tumegawana mkono wa simu, shavu kwa shavu. Alilia, halafu akasema unaongea kwa sauti kubwa mno. Nikamwambia mwache aongee anavyotaka.

Sikusema neno, kama ulivyoniagiza. Mimi, Chiriku, sikusema neno. Ila katikati uliuliza, "Chiriku, upo?" Halafu ukacheka mwenyewe ukaendelea.

Nilikuwepo, kaka. Nilikuwepo mpaka ulipokata.

Mdogo wako